Kifyatulio cha Kiunoni na Kifyatulio cha Uwanjani: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Bastola ya Leseni

Kila ninapokwenda uwanja wa shabaha kuwasaidia wanaojifunza, hakosi mmoja wa kunijia na bastola yake akisema, "Mwalimu, hii triga ni ngumu mno, nataka ilegezwe." Nami humuuliza swali lile lile: hiyo bastola utaivaa kiunoni, au ni ya kulengea shabaha tu? Wengi hujibu, "Zote mbili." Jibu hilo ndilo linalonifanya nivute kiti, kwa sababu anataka kitu kimoja kifanye kazi mbili zinazopingana.

Uwanjani unajua wakati wa kufyatua. Umesimama, masikio yamezibwa, mtutu umeelekea kwenye tuta la udongo, na msimamizi ametoa amri. Kidole kikiteleza nusu sekunde kabla ya wakati, risasi itaingia udongoni na utapoteza alama. Kiunoni mambo ni mengine. Bastola inalala ubavuni kwa muda wa saa kumi na mbili, inaingia na kutoka garini, inabanwa na mkanda, inafunikwa na koti. Siku utakayoitoa, kama siku hiyo itafika, moyo utakuwa unadunda na vidole vimekufa ganzi. Mkono ulioogopa hukaza wote kwa pamoja. Ukijikwaa, au mkono wa kushoto ukinyakua kitu kwa nguvu, wa kulia nao huelekea kukaza. Kifyatulio chepesi, yaani triga nyepesi, hakitakuuliza kama ulikusudia.

Uzito na urefu wa mvuto kwenye bastola ya kuvaa ni nafasi yako ya kughairi. Nimewaona watu wengi wakilipa pesa ili waondolewe nafasi hiyo, na ndiyo sababu naandika mwongozo huu.

Mvuto una sehemu zake

Usiseme "ngumu" kabla hujajua ni wapi pagumu. Ukivuta kifyatulio polepole, bastola ikiwa tupu, utasikia kwanza mwendo mtupu, chuma kikisogea bila upinzani mkubwa. Kisha unagonga ukuta. Ukizidisha nguvu ukutani, kuna bastola zinazokatika mara moja kama kijiti kikavu, na kuna zinazokwaruza na kuburura kabla ya kukatika. Baada ya kukatika, kifyatulio huenda kikaendelea kurudi nyuma kidogo. Mwisho, ukilegeza kidole, unasikia mlio mdogo: mtambo umejishika tena, tayari kwa mvuto mwingine.

Anayelalamikia ugumu mara nyingi analalamikia mburuto. Kilo 2.5 zinazokatika safi huwa rahisi kuzitawala kuliko kilo 1.8 zinazoburura kama mlango wa bati kwenye simenti. Elewa hilo na utaokoa pesa nyingi.

Sasa namba kidogo, upate kipimo cha kulinganishia. Katika mashindano ya ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, yale ya Olimpiki, bastola ya upepo ya mita 10 lazima iwe na kifyatulio kisichopungua gramu 500, na bastola za mita 25 zisizopungua gramu 1,000. Hizo ni silaha zisizowahi kuona kiuno cha mtu. Glock ya kawaida kutoka kiwandani huvutika kwa takriban kilo 2.5. Ceska za mtindo wa CZ 75, ambazo Kenya kila mtu amezisikia kwenye taarifa za polisi, zina tabia mbili: nyundo ikiwa chini, mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, kilo 4 au 5 hivi, kuanzia risasi ya pili nyundo imeshakokiwa, mvuto unakuwa mfupi, kama kilo 2. Wanaoanza huuchukia mvuto ule wa kwanza. Mimi nauheshimu, kwa sababu si rahisi kuuvuta hadi mwisho kwa bahati mbaya tu.

Hata hivyo uzito nao una mpaka. Polisi wa New York kwa miaka mingi walibeba bastola zilizowekewa springi ya kufikisha mvuto ratili 12, yaani kama kilo 5.4, ili askari asifyatue kwa makosa. Mwezi Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, askari wawili walimfyatulia mtu mwenye bastola risasi 16 katikati ya umati, na wapita njia tisa wakajeruhiwa na risasi au vipande vyake. Mjadala uliofuata uligusa mengi, lakini hoja moja haikukwepeka: kifyatulio kizito mno huvuta mtutu nje ya shabaha, hasa kwa mtu asiyefanya mazoezi mara kwa mara. Kwa hiyo sikuambii ubebe jabali. Nakuambia kiwango cha kiwandani kimepimwa na watu waliofikiria pande zote mbili.

Hatua ya 1: Hakikisha bastola ni tupu, kwa mpangilio huu huu

Toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, nyuma. Ukigeuza mpangilio, risasi iliyokuwa kwenye chemba, tundu la nyuma ya mtutu, itatoka na magazini itaingiza nyingine, nawe utabaki na bastola yenye risasi ukiamini ni tupu. Vuta slaidi mara tatu, ifunge nyuma, tazama chemba kwenye mwanga, kisha ingiza kidole ukiguse kile kitundu. Magazini na risasi zipeleke chumba kingine. Si kwenye droo ya meza ile ile. Chumba kingine kabisa. Ukiitwa na simu au mtu akibisha hodi katikati ya kazi, ukirudi anza upya.

Hatua ya 2: Pima, usikisie

Kuna mizani maalumu ya kupimia vifyatulio, na ukiipata ni vizuri. Bila mizani hiyo, tumia maji. Kunja waya mgumu uwe ndoano, uvishe utepe wa plastiki usikwaruze chuma. Funga kamba, na mwisho wa kamba ning'iniza kidumu cha lita 5. Koki bastola tupu, iinue wima mtutu ukitazama juu (hakikisha ghorofa ya juu hakuna mtu), na weka ndoano katikati ya kifyatulio pale pale kidole kinapokaa. Kama kifyatulio kina kile kiulimi cha usalama katikati, ndoano lazima ikibonyeze nacho, la sivyo utapata namba ya uongo. Inua kidumu kutoka sakafuni polepole bila kukirusha. Ongeza kikombe kimoja cha maji, inua tena, hadi mtambo ukatike. Kisha peleka kidumu pamoja na maji yake, kamba na ndoano kwenye mizani ya jikoni.

Rudia mara tano na andika kila namba. Zikikaribiana, mtambo wako una afya. Zikipishana sana, leo kilo 2 na kesho 3, una uchafu ndani au kipande kilicholika, na hakuna springi mpya itakayoponya hilo.

Hatua ya 3: Rekebisha kidole kabla ya chuma

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo inayoleta mabadiliko makubwa kuliko zote. Kama unatumia mkono wa kulia na risasi zako zinaangukia chini kushoto, usilaumu triga. Unakipiga kifyatulio badala ya kukikamua, au unaukaza mkono mzima ukitarajia mshindo.

Bastola ikiwa tupu kwa mpangilio wa hatua ya kwanza, simama mbele ya ukuta imara usio na chumba cha watu nyuma yake. Weka sarafu ya shilingi juu ya slaidi, karibu na mbele. Vuta hadi mtambo ukatike bila sarafu kuanguka. Kidole kiguse kwa ile nyama ya ncha, si kwa kiungo. Bonyeza moja kwa moja nyuma, na nguvu iongezeke kama maji yanavyojaa mtungi. Dakika 10 kwa siku, kwa wiki tatu. Bastola nyingi za kisasa zinazotumia risasi za kawaida hazidhuriki na zoezi hili, lakini zile za risasi ndogo za .22 nyingi huumia, pini (kile kisumari kinachogonga risasi) ikigonga ukingo wa chemba. Kwa hizo tumia risasi bandia za mazoezi. Soma kijitabu cha bastola yako.

Nimewaona watu waliokuja na orodha ya vipuri vya kuagiza ng'ambo, nikawaomba wafanye zoezi hili kwanza, wakarudi bila kuitaja tena orodha.

Hatua ya 4: Safisha na utie mafuta panapostahili

Fungua bastola kwa kiwango ambacho kijitabu kinamruhusu mwenyewe kufungua, si zaidi. Ondoa masizi na vumbi. Bara letu lina vumbi jekundu linalopenya kila mahali, likichanganyika na mafuta mengi linakuwa lami. Kwa hiyo mafuta ni tone, si kijiko. Kwenye Glock kuna mahali pamoja panapobeba siri ya mvuto mzima: pale upau wa kifyatulio unapokutana na kile kibati kidogo kiitwacho kiunganishi. Tone moja hapo, basi. Usiingize mafuta kwenye njia ya pini, kwa sababu uchafu utajikusanya na pini itagonga kwa unyonge.

Pima tena kwa maji. Ukiona mabadiliko, umeshapata ulichokuwa ukikitafuta bila kulipa senti.

Hatua ya 5: Amua nini kinabadilishwa, na kwa bastola ipi

Kwa bastola ya kuvaa, msimamo wangu ni mkali na sitaulainisha: usishuke chini ya uzito wa kiwandani, na usiondoe kizuizi chochote cha usalama. Unaweza kubadilisha umbo la kifyatulio likufae kidole, mradi kipuri ni cha kiwanda kile kile au cha mtengenezaji anayeheshimika. Unaweza kubadilisha kishikio kikae vema mkononi; mara nyingi kilio cha "triga iko mbali" ni kilio cha mkono mdogo kwenye kishikio kinene. Unaweza kubadilisha alama za kulengea. Kwa Glock, kiwanda chenyewe hutoa viunganishi vya viwango tofauti, na kile chepesi kimekusudiwa bastola ndefu za mashindano. Kwa kiunoni, baki na kile cha kawaida.

Usikate springi. Usiweke springi nyepesi ya nyundo au ya pini ili mvuto upungue. Springi hiyo ndiyo inayoipa pini nguvu ya kuvunja fataki kwenye kitako cha risasi, na risasi hazifanani: kuna zenye fataki laini na zenye fataki ngumu. Bastola iliyofanya kazi bila kosa kwa risasi za mazoezi inaweza kutoa mlio wa "tik" siku utakayotia risasi za aina nyingine. Uwanjani huo ni usumbufu. Kiunoni huenda ndiyo nafasi pekee uliyokuwa nayo.

Na usiguse kwa tupa wala msasa ile ndoano inayoshika nyundo au pini. Chuma chake kimekazwa, mara nyingi juu juu tu, na pembe zake ni za usahihi usioonekana kwa macho. Ukiikwangua, leo itavutika kama siagi, na baada ya risasi mia kadhaa ule mshiko unaweza kulika hadi nyundo ianguke yenyewe slaidi ikijifunga.

Uzito wa vipande vyenyewe pia ni suala la usalama. Agosti 2017 kampuni ya Sig Sauer ilitangaza marekebisho ya hiari kwa bastola zake za P320 baada ya kuonekana kwamba zikianguka kwa pembe fulani zinaweza kufyatua. Katika marekebisho hayo waliweka kifyatulio, ndoano na pini vyepesi kuliko vya awali, na kuongeza kitenganishi, kipande kinachotenga kifyatulio na mtambo slaidi isipojifunga sawasawa. Kifyatulio cha chuma kizito (sisemi mvuto mzito) kina msukumo wake chenyewe bastola inapogonga sakafu. Kinaweza kujivuta bila kidole. Kwa hiyo unapoona kifyatulio cha chuma kinachong'aa mtandaoni, kipana na kizuri, usiulize tu kinavutika vipi. Uliza kimejaribiwa kwa kuangushwa?

Kwa bastola ya uwanjani mlango ni mpana zaidi. Unaweza kupunguza mwendo mtupu, kuweka kizuizi cha mwendo wa ziada, kutumia kiunganishi chepesi, na kushuka hadi kiwango ambacho kitengo chako cha mashindano kinaruhusu. Soma kitabu cha kanuni cha mwaka huo kabla ya kulipa. Angalia tu ukubwa wa tofauti. CZ Shadow 2, bastola inayopendwa sana na wanamashindano, hutoka kiwandani bila kile kizuizi cha pini kilichomo kwenye CZ 75 B. Watengenezaji walikitoa makusudi ili mvuto uwe safi, kwa silaha iliyokusudiwa uwanja. Ni bastola nzuri mno, lakini hiyo haiifanyi kuwa ya kuvaa.

Hatua ya 6: Fundi

Kazi yoyote inayopita kusafisha na kubadilisha kishikio mpe fundi. Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, anayefanya biashara ya kutengeneza silaha lazima awe amesajiliwa. Usimpe jirani hodari wa kuchomelea. Mweleze fundi kwa maneno kamili bastola ni ya kazi gani, mwonyeshe namba zako za maji, na umwombe karatasi inayosema kipande gani kimebadilishwa na kwa kipi. Vipande vya zamani vidai, viweke kwenye bahasha. Fundi anayekucheka kwa sababu umetaka karatasi, ondoka kwake.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kuiamini

Kwanza bila risasi. Koki, vuta kifyatulio na ukishikilie nyuma. Huku umekishikilia, vuta slaidi na uiachie. Legeza kidole polepole: lazima usikie ule mlio wa kujishika tena. Vuta, mtambo ukatike. Rudia mara 20. Kisha koki tena, na bila kugusa kifyatulio, gonga slaidi kwa kiganja kutoka nyuma na pembeni. Mtambo ukikatika wenyewe, kazi imeharibika. Jaribu kila kizuizi kimoja kimoja: sefti ikiwa imefungwa, ukivuta kifyatulio mtambo usikatike, na ukiifungua bila kugusa kifyatulio, nyundo isianguke.

Ndipo uende uwanjani, na mwambie msimamizi kuwa unajaribu silaha iliyofanyiwa kazi. Tia risasi moja tu kwenye magazini na ufyatue. Tena moja. Kisha mbili, na usizidi mbili hadi umerudia mara tano. Sababu ya uangalifu huu ni kwamba mtambo ulioharibiwa unaweza kutoa risasi mbili kwa mvuto mmoja, na bastola iliyojaa ikifanya hivyo mtutu utakuwa unapanda juu huku risasi zikitoka. Ikitokea hata mara moja, toa risasi zote, ifunge kwenye kasha, irudishe kwa fundi siku hiyo hiyo. Mbali na hatari, bastola inayotoa zaidi ya risasi moja kwa mvuto mmoja si ile uliyopewa leseni.

Ikipita hapo, mimi huitaka bastola ya kuvaa ifyatue risasi 200 bila kosa, na angalau 50 ziwe za aina ile ile utakayobeba. Ikikwama hata mara moja kwa sababu ya mtambo, hesabu inaanza sifuri.

Hatua ya 8: Mfuko ni sehemu ya kifyatulio

Hapa nachelewa kidogo, kwa sababu hatari ya kufyatua bila kukusudia huja zaidi unaporudisha bastola mfukoni, yaani kwenye ala yake (holsta), kuliko unapoitoa. Mfuko wa kiunoni lazima ufunike kifyatulio chote, uwe mgumu kiasi cha kutokunjika, na ubaki wazi bastola ikitoka. Ngozi iliyochakaa hukunja mdomo ndani, na ile pindo ikaingia mahali pa kidole. Kamba ya koti yenye kifundo cha plastiki hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo: inua nguo juu kabisa kwa mkono wa kushoto, tazama mfuko kwa macho, kidole cha kulia kinyooke kwenye ubavu wa bastola, ingiza polepole. Ukihisi upinzani, simama. Usisukume. Kwa Ceska au nyingine yenye nyundo nje, weka kidole gumba juu ya nyundo unapoingiza. Ikianza kurudi nyuma utaisikia kabla ya maafa.

Bastola bila mfuko, imechomekwa tu mkandani au imetupwa kwenye mkoba pamoja na funguo na kalamu, haistahili kuitwa ya kuvaa hata ikiwa na kifyatulio cha kilo 5.

Ukitaka zote mbili

Kama leseni na pesa zako zinaruhusu, kuwa na bastola mbili za umbo moja: ya uwanjani uifanyie kazi, ya kiunoni uiache ilivyozaliwa. Sehemu kubwa ya mazoezi, hata uwanjani, ifanye na ile ya kiunoni, maana ndiyo kidole chako kitakayoikumbuka. Kama una moja tu, na ndivyo walivyo wengi, ni ya kiunoni. Shindana nayo hivyo hivyo. Utapoteza pointi chache kwa wenye triga nyepesi, na kidole chako kitakuwa na nguvu kuliko vyao.

Weka daftari dogo kwenye kasha la silaha. Andika tarehe, uzito wa mvuto kwa maji, idadi ya risasi tangu ulipoandika mara ya mwisho, na kipande chochote kilichoguswa. Pima kila baada ya miezi mitatu. Mvuto ukiwa mzito zaidi, safisha. Ukiukuta umeshuka na hakuna aliyegusa kitu, usifurahi: huenda kuna mahali ndani chuma kinalika, na bastola hiyo isirudi kiunoni hadi fundi aifungue.